Mwaka wa Mishale Miwili

Bwana Khalfani alizikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri, na mimi nilifika matangani siku ya pili yake, kwa sababu habari zilinikuta safarini. Nyumba ni ile ile ya Kinondoni, ingawa sasa imebanwa na maghorofa pande mbili na duka la mbele wanauza vifuniko vya simu. Nikavua viatu, nikajibanza ukutani pamoja na wanawake wengine sebuleni. Mama mmoja nisiyemfahamu akaniuliza, kwa sauti ya chini ya msibani, marehemu alikuwa nani wangu. Si baba, si mjomba, wala hatukuwahi kuwa majirani. Nikasema alinifundisha kazi. Kazi gani? Kuandika programu za kompyuta. Mama yule akanitazama, kisha akautazama mlango wa chumba cha nyuma, ambamo siku hiyo walikuwa wamerundika viti vya kukodi, akasema, "Humu humu?" Nikasema humu humu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba zamani bahari ilifika hapo.

Ukoo wangu na shule nilizosoma havihusiki katika habari hii. Nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati kila mtu mjini alikuwa anauza kitu na kila wiki shirika fulani la umma lilikuwa linapunguza watu. Mimi Hawa nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nachapa barua za watu kwa taipureta katika kibanda cha vifaa vya ofisi kule Temeke. Siku moja akaja Bwana Khalfani, mzee mrefu mwenye kanzu safi na miwani iliyofungwa uzi, akaomba nimchapie tangazo la kazi. Akalisema, mie nikachapa: anatakiwa mtu anayeandika bila kutazama vidole. Nilipomaliza nikamuuliza kama mtu mwenyewe ni lazima ajue kompyuta. "Hapana," akasema. "Kompyuta nitamfundisha. Vidole ndivyo sina muda wa kuvifundisha." Halafu akainama kuangalia mikono yangu, akaniuliza nimechapa tangazo lote nikitazama wapi. Nikamwambia nilikuwa namtazama yeye. Akalikunja tangazo lake akalitia mfukoni, na halikubandikwa popote.

Chumba cha nyuma, alikonipeleka kufanya kazi, kilikuwa stoo ya majora ya vitambaa vya dada yake, Bi Thuwaiba, mjane aliyeendesha duka la mbele na kuimiliki nyumba yote. Harufu ya vitambaa vipya haikutoka mle mwaka mzima. Kulikuwa na kompyuta moja, mashine ya kuchapia iliyolia kama cherehani, na modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Simu yenyewe ilikuwa dukani. Waya wake ulipitishwa dirishani hadi kwetu, kwa hiyo Bi Thuwaiba akiinua mkono wa simu kumsalimia mdogo wake Unguja, sisi tunakatika. Vitabu havikuwepo. Kulikuwa na makaratasi ya fotokopi yaliyoshonwa kwa uzi wa nguo, maelezo ya lugha ya kompyuta iitwayo Perl, na pembeni ya kila ukurasa Bwana Khalfani alikuwa ameandika maana kwa penseli, kwa hati za Kiarabu, kwa sababu alidai mkono wake hufikiri vizuri ukitoka kulia. Alikuwa amefanya kazi ya telegramu na teleksi, kupeleka maandishi ya watu kwa waya, miaka ishirini na sita, na alipopunguzwa alikwenda nyumbani na ujuzi ambao hakuna tena aliyeuhitaji: aliweza kusoma utepe wa teleksi kwa kupapasa matundu yake. Mtu wa namna hiyo, nimekuja kuelewa baadaye, haoni ajabu alama yoyote. Kwake kila alama ni mtu anayejaribu kusema neno.

Chakula tulikula hapo hapo chumbani, sinia juu ya mkeka, na kabla ya kula Bi Thuwaiba aliingia na mtandio wake wa zamani akaifunika kompyuta. "Isije ikanuka samaki," alisema. "Halafu mtasema nimeiua mie." Mara nyingi ilikuwa maharage ya nazi na chapati, Ijumaa pilau, na wakati wa kula ndipo niliposikia maneno mengi kuliko wakati wa kazi. Ndugu hawa wawili walibishana juu ya kila kitu: kama mashine ile ilikula umeme kuliko friji, kama marehemu baba yao aliwahi kufika Lamu, kama ni halali kusoma barua ya mtu ili umchapie. Swali hilo la mwisho lilikuwa la kweli, kwa sababu barua ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Bwana Khalfani alikuwa ametengeneza ukurasa kwenye mtandao. Mtu aliyeko Maskati, au London, au Toronto, aliufungua akakuta nafasi za kujaza: jina lako, jina la unayemwandikia, anakaa wapi, na ujumbe. Akibonyeza kitufe, ujumbe ulihifadhiwa katika faili. Sisi huku tuliuchapa kwenye karatasi, tukakunja, tukapeleka. Magomeni, Msasani, Mbagala, popote. Wakati ule simu za ng'ambo zilikuwa ghali na barua za posta zilichukua wiki kadhaa. Mimi mwenyewe nimemkabidhi mama wa Msasani habari za mjukuu aliyezaliwa asubuhi ya jana yake, na yule mama akakataa katakata kuamini, akasema mtoto hawezi kuitangulia barua kwa siku moja tu.

Ukurasa wenyewe haukuwa Kinondoni. Ulikaa katika mashine moja ya kukodi, huko Marekani upande wa magharibi kabisa, mashine ya kuhudumia kurasa ambayo leo kila mtoto anaiita seva. Mwezi wa kwanza nilidhani programu yetu imekaa macho mle muda wote ikisubiri watu kama karani. Bwana Khalfani akanirekebisha, na siku ile sijaisahau. "Mtu akibonyeza," akasema, "mashine yake inatuma ombi. Ombi, Hawa, si amri. Ombi likifika, seva inaiamsha programu yetu. Programu inasoma ombi, inaandika kwenye faili, inajibu ahsante. Kisha inakufa."

"Inakufa?"

"Inakufa. Akija mwingine, inazaliwa upya. Haimjui wa kwanza. Haikumbuki hata kama ilishawahi kuwepo."

"Sasa nani anakumbuka?"

"Faili," akasema. "Ndiyo maana faili tunaliheshimu."

Leo nikiwaeleza vijana kazini wanaona ni jambo la kawaida, lakini kwangu ilikuwa kama kufunuliwa pazia: kila salamu iliyopita mle ilizaa kiumbe chake, kikafanya jambo moja kwa uaminifu, kikatoweka. Jioni ile akaniruhusu niandike programu yangu ya kwanza. Ilikuwa ya mistari sita. Ukiipelekea jina, inajibu "Karibu" na jina lako. Nikaandika Hawa, nikabonyeza, nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na moja, kioo kikaandika Karibu Hawa. Jina langu lilikuwa limevuka dunia nzima, likamkuta mtu asiyekuwepo, akazaliwa kwa ajili ya kunikaribisha, akanirudishia. Nilibonyeza tena na tena mpaka Bi Thuwaiba akaja kuuliza kama simu ni yetu peke yetu.

Nilijifunza haraka, na hilo ndilo lililoniponza. Kufikia kipupwe nilikuwa naweza kusoma programu nzima ya barua na kuieleza. Nilianza kuona mapungufu yake. Kwa mfano, faili halikuandika tarehe ya kila ujumbe. Nikamwambia Bwana Khalfani, akasema tutafanya pamoja, asiguse mtu peke yake programu inayofanya kazi. Wiki ile utepe wa wino wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekwisha na mjini haukupatikana, kwa hiyo ujumbe wa siku saba ulikuwa umelala kwenye faili, thelathini na kitu, haujachapwa. Jumamosi mchana nililifungua faili kutazama tu. Nikaona mmoja ulioelekezwa Chanika: kwa Bi Sikudhani, nyumba ya pili kutoka kisima cha msikiti, kutoka kwa mwanawe Idrisa. Ulianza, "Mama shikamoo. Ni mie Idrisa. Najua utastuka." Sikuendelea, kwa adabu. Nikasema Jumatatu utepe utapatikana, na mwenyewe atapelekewa.

Jumatatu asubuhi Bwana Khalfani alikwenda Kariakoo kuutafuta huo utepe. Nami nikaona nimshangaze. Nikaongeza tarehe, mistari mitatu tu, nikaandika upya sehemu ya kufungua faili, nikaituma programu mpya kwenye seva, nikajiandikia ujumbe wa majaribio. Ukafika. Tarehe ilikuwepo, nzuri, imenyooka. Nikapanda juu kutazama barua nyingine. Hakukuwa na juu. Faili zima lilikuwa na tarehe na neno moja: Jaribio.

Nieleze kwa ufupi kilichotokea. Katika Perl, ukitaka kuandika kwenye faili unaweka alama inayofanana na ncha ya mshale. Ukiweka mishale miwili, maneno mapya yanakwenda kukaa chini ya yale ya zamani. Ukiweka mmoja, faili linafutwa kwanza, halafu unaandika. Mimi niliweka mmoja. Mashine haikuuliza, haikulalamika, ilitii. Watu thelathini na kitu, waliosema waliyoyasema kwa mama zao na wake zao, walikuwa wameondoka kwa alama moja ambayo kidole changu cha pete hakikuigonga mara ya pili. Nililifungua faili tena, na tena, kama mtu anayepapasa mfuko ule ule aliopotezea ufunguo.

Bi Thuwaiba akachungulia. "Mbona vidole vimenyamaza?" Alizoea kunisikia kutoka dukani. Nilipofungua mdomo kujibu, machozi yakatangulia. Nikamwambia yote. Hakuelewa habari ya mishale, lakini alielewa kwamba barua zimepotea na kwamba kaka yake hajui. Akaketi juu ya jora la kitambaa. "Sikia mwanangu. Akifika, mwambie kabla hajavua viatu. Akishavua viatu atataka chai, na akishakunywa chai wewe utakuwa umepata uongo mzuri."

Nilimwambia akiwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Nilisema, "Nimefuta barua zote. Niliweka mshale mmoja." Akasimama hivyo hivyo. Sikuona hasira, niliona uso wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?" Ilikuwa imepita saa nne kidogo. Akakitupa kiatu, akaingia na kimoja mguuni.

"Bawabu," akasema. "Bawabu ana daftari."

Seva ile, kama ofisi yoyote yenye mlinzi getini, iliandika kila aliyekuja: ametoka wapi, saa ngapi, ameomba nini. Bwana Khalfani aliliita faili hilo daftari la bawabu. Na ukurasa wetu, kwa jinsi alivyoutengeneza mwanzoni akiwa bado mwanafunzi wa makaratasi yake, haukutuma ujumbe ndani ya bahasha. Uliubandika kwenye anwani yenyewe ya ombi, mkia mrefu baada ya alama ya kuuliza. Kwa hiyo bawabu, akiandika anwani, aliandika na barua nzima.

"Hilo ni kosa," akaniambia huku akiwasha modemu. "Barua za watu zinasomeka na yeyote anayeshika daftari. Mwaka mzima nasema nitalirekebisha. Uvivu wangu, Hawa, ndio labda utakaokuokoa. Usinishukuru. Naona aibu."

Lakini daftari lile halikukaa milele. Wenye mashine walilifuta kila wiki, Jumapili saa sita ya usiku wao. Tukapiga hesabu ya masaa: saa sita ya usiku wa kule ilikuwa saa tano ya asubuhi yetu, asubuhi ile ile. Tulikuwa na dakika arobaini na kitu, na faili kubwa la kulivuta kwenye waya wa simu uliopita dirishani.

Bi Thuwaiba alikuwa ameshasikia. Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile nikamwona anafunga mlango mmoja wa duka saa za kazi. Akavuta kiti akakaa mbele ya simu, mikono kifuani. Kupitia dirishani nilimsikia. Jirani alikuja kuomba apige simu hospitali kuulizia saa za kuona wagonjwa. Akamwambia saa anazijua, ni saa kumi, aende kwa miguu. Mteja wake wa majora akataka kumpigia fundi. "Simu mbovu leo." Mteja akasema mbona jana ilikuwa nzima. "Mbovu ndani kwa ndani," akasema Bi Thuwaiba, "kama wewe na madoido yako." Sisi kule tunatazama namba zikipanda. Modemu yetu ilikuwa ya zamani. Herufi zilikuja kama maji ya bomba la mtaa wa juu, zinakuja, zinasita, zinakuja. Bwana Khalfani aliketi sakafuni, kiatu kimoja mguuni, mkono wake juu ya waya kana kwamba angeweza kuzihisi zikipita. Pengine aliweza.

Saa tano kasoro dakika tatu namba zikaacha kupanda. Laini ilikuwa imekatika, kwa sababu yake yenyewe, hakuna aliyeinua kitu. Tukapiga upya, ikalia ikalia haikushika. Tukapiga tena, ikashika. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika nne, na daftari la bawabu kule Marekani lilikuwa jeupe, linaanza wiki mpya.

Tulikuwa na kile tulichokivuta. Nikakifungua. Mtu asiyejua angedhani ni takataka. Kila nafasi kati ya maneno ilikuwa imegeuka alama ya kujumlisha, kila koma na kila alama ya kuuliza imegeuka alama ya asilimia na tarakimu mbili nyuma yake, mstari mmoja mrefu usiopumua. Lakini Bwana Khalfani akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti, bila kusita, kama anasoma gazeti: "Kaka, koma, mzigo umefika, nukta, mama amevaa gauni siku ile ile, nukta." Aliusoma ujumbe wa pili, wa tatu. Ngozi ilinisisimka mikono yote miwili. Ujuzi wake uliotupwa na shirika lake, kumbe ulikuwa umekaa tu unasubiri alama nyingine.

"Sasa andika mstari," akaniambia. "Mie nitazeeka hapa."

Nikaandika. Perl ina uwezo ambao mpaka leo unanifanya niinamishe kichwa: mstari mmoja wa alama, mfupi kuliko jina la mtu na ubini wake, unasema tafuta kila asilimia yenye tarakimu mbili, geuza iwe herufi iliyokuwa. Nilihakiki kila alama mara tatu, nikataja mishale miwili kwa sauti kama anayesoma dua. Nikabonyeza. Na barua zikarudi. Moja moja, na koma zake na vicheko vyake, zikajipanga kwenye kioo, watu wakaanza tena kusema shikamoo. Nililia tena, safari hii bila aibu, na Bi Thuwaiba aliyekuja kusimama nyuma yetu akasema "Subhanallah" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasahau kulalamikia umeme.

Ya mwisho kwenye faili ilikuwa ya Idrisa. Hapo ndipo laini ilipokatikia. Naikumbuka yote:

"Mama shikamoo. Ni mie Idrisa. Najua utastuka. Niko Ulaya bandarini, meli yetu inatengenezwa injini, na mwenzangu wa Tanga amenionyesha ukurasa huu. Mguu ulioungua umepona. Nimeota mvi mama, mie mwanao wa juzi. Hapa tunalishwa viazi asubuhi na jioni, nakumbuka kisamvu chako mpaka naona haya mbele za watu. Sikuandika miaka yote hii kwa sababu ya yale maneno niliyokutamkia mlangoni siku naondoka. Kila bandari nasema nitaandika bandari ijayo. Sasa mama naomba"

Basi. Hapakuwa na zaidi. Barua za Jumapili zilizokuja baada yake tuliwaandikia wenyewe tangazo kwenye ukurasa, tukawaomba radhi na kuwaomba warudie, na wengi walirudia. Lakini Idrisa hakuacha anwani. Alikuwa mtu wa melini kwenye kompyuta ya watu.

Utepe mpya ulipofungwa nilichapa barua zote, na nilipofika kwa Idrisa vidole vyangu vikaendelea peke yake: "naomba unisamehe." Ni neno gani jingine lingekuwa? Bwana Khalfani alikuwa nyuma yangu. "Futa," akasema.

"Lakini mzee, kila mtu anajua alichotaka kusema."

"Miaka ishirini na sita nimeshika maneno ya watu. Yakikatika tulikuwa tunaandika: imekatikia hapa. Ukiongeza neno moja, hapo mwandishi ni wewe." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Na mwenye kupeleka ni wewe pia. Mimi nitakusindikiza."

Tulikwenda Chanika Jumatano kwa lori la mtu aliyekuwa anafuata muhogo. Wakati ule kulikuwa shamba hasa, nyumba zimeachana, mikorosho katikati. Bi Sikudhani tulimkuta anamenya muhogo uani, mwanamke mkavu, mrefu, wa kujibu kwa neno moja moja. Tulimwamkia, akatupa vigoda. Nilipotaja jina la Idrisa kisu kikasimama. Akasema hajui kusoma, nisome mie. Nikasoma. Kwenye mvi alicheka kidogo puani. Kwenye kisamvu akageuza uso. Nikafika kwenye mlango, kwenye bandari, nikafika "Sasa mama naomba", nikaishusha karatasi.

"Ananiomba nini?"

"Imekatika, mama."

"Imekatwa na nani?"

Bwana Khalfani alitazama chini, aliniachia. Nikasema, "Na mimi. Nilifanya kazi niliyokatazwa kuifanya peke yangu, nikaifuta. Tumeokoa mpaka hapo."

"Kwa hiyo miaka saba mwanangu hasemi," akasema polepole, "na siku anasema, unamfunga mdomo wewe."

"Ndiyo, mama."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulikaa. Kuku walikuja kudonoa maganda. Nilidhani tumefukuzwa, nikawa nasubiri Bwana Khalfani asimame ili nami nisimame, naye hakusimama. Mlango ulipofunguliwa, Bi Sikudhani alikuwa amenawa uso na amejitanda kanga safi, kama mtu anayetoka kwenda kuongea na wageni wa heshima. Hakuketi.

"Una kalamu?" akaniuliza. "Haya andika. Idrisa, maneno yako nimeyasikia. Mwishoni yamekatika. Uliloliomba lolote, nimekupa. Ule vizuri. Mama yako."

Nikamsomea. Akasema niondoe "ule vizuri", kisha akasema hapana, acha.

Jibu tulikuwa nalo, lakini tungelipeleka wapi? Bwana Khalfani alifikiri siku mbili. Siku ya tatu tukaanza pamoja, tumekaa bega kwa bega, programu mpya: ukurasa wa majibu. Mtu anakuja, anataja jina lake na la mama yake, na kama kuna faili lenye majina hayo linafunguliwa anapewa. Alinifundisha kuchuja kila jina kabla ya kuligusa faili, kwa sababu mgeni mwenye hila anaweza kuandika alama zinazopanda hadi vyumba vya ndani vya seva. Alinifundisha kufunga faili kwa kufuli wakati mmoja anaandika, ili wawili wakija kwa pamoja wasikanyagane. Barua tukazitia kwenye bahasha, bawabu abaki kuona majina ya waombaji tu. Faili la Idrisa likawekwa. Halikutumwa popote. Lilikaa kule, kwenye mashine ya ugenini, linasubiri kuombwa.

Nilisoma daftari la bawabu kila asubuhi kabla ya kazi nyingine yoyote. Wiki zikapita, vuli ikanyesha na kukatika, Ramadhani ikaja, Bi Thuwaiba akawa anapika futari ya watu ishirini. Wengine walikuja kuchukua majibu yao. Yeye hapana. Kisha asubuhi moja, katikati ya mistari mingine, nikaona mstari unaoomba majibu kwa jina lake na la mama yake, kutoka anwani ya nchi nyingine kabisa. Mwishoni mwa mstari bawabu huandika namba mbili. Ya kwanza ilikuwa mia mbili, ambayo kwa lugha ya seva ina maana kwamba aliyeomba amepewa. Ya pili ni idadi ya herufi zilizotoka. Nikalifungua faili, nikazihesabu herufi zake, nikalinganisha. Zilikuwa sawa. Hakuna iliyobaki nyuma. Nilimwita Bwana Khalfani, tukazitazama namba mbili zile mpaka chai ikapoa.

Idrisa alirudi mwenyewe baadaye, kwa likizo, na nasikia alifika na mvi kweli. Mimi nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine na sikumwona. Ninachokiona mpaka leo ni siku niliyokwenda peke yangu Chanika kumpa mama yake habari. Nilimkuta shambani, kaegemea jembe. Nikamwambia mwanao ameisoma, mama, yote. Akauliza lini. Nikamwambia jana, saa tisa alasiri kwa saa zetu.

Alifikiri. "Jana saa tisa," akasema. "Nilikuwa pale, napalilia mstari ule." Akanionyesha kwa kidevu. Tukautazama wote wawili, mstari wa muhogo kama mistari mingine, udongo wake bado mbichi.